Mwenye Kiu Asipite

Mama aliamka kabla yetu sote. Nilipotoka chumbani alikuwa amekwisha kuoga, amejifunga kitenge chake cha kutokea, amekaa kwenye kochi na mkoba mapajani kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe. Nikarudi ndani kusali. Nilipotoka tena aliniuliza kama Mungu mwenyewe ndiye aliyenichelewesha au ni maneno yangu marefu.

"Mama, wamesema saa tatu."

"Wamesema. Na mimi nimesema twende."

Siku ile alikuwa anakwenda kupigwa picha. Bomba la uwanjani, lililokuwa limekauka miaka mingi na kuzungushiwa mabati, lilikuwa limekarabatiwa, na afisa wa utamaduni wa manispaa alikuja nyumbani kwetu mwenyewe kumwalika. Alivua viatu mlangoni, akamshika mama mkono kwa mikono miwili, akamwambia sura yake itawekwa kwenye mabango ya uzinduzi mji mzima, kwa kuwa yeye ndiye aliyelilea bomba lile. "Kulilea" ndilo neno alilotumia. Mama alilishika neno hilo. Kila jirani aliyepita kusalimia alilisikia, na muuza mkaa alilisikia mara mbili.

Na kweli alililea. Waliosoma waliliita chemchemi. Sisi tuliliita bomba, kwa sababu tulikwenda pale na ndoo. Lilikuwa nguzo ya mawe yenye midomo minne, kila mdomo ukitema maji usiku na mchana kwenye birika kubwa la duara. Wasafiri walikunywa hapo, wachuuzi walikunywa hapo, wafungwa waliopitishwa kwenda mahakamani walisimamishwa hapo wakanywa na pingu zao mikononi. Mama alikuwa mwajiriwa wa manispaa wa kulisafisha. Alizibua midomo kwa waya, akaopoa majani, akasugua mawe kwa brashi ya chuma, na ole wake mtu atakayefua nepi kwenye maji ya kunywa. Walimwita Mama Bomba. Shuleni, kwa muda mfupi niliokaa shule, mimi niliitwa Bomba Dogo, nikapigana na wengi kwa ajili hiyo.

Juu ya midomo ile kulikuwa na maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe, mistari miwili. Mama hajui kusoma, lakini msimamizi wake wa kwanza alimsomea siku alipoanza kazi, naye akayafanya wito wake. Mtu akipita na jua kali, hata kama hamjui, mama aliinua kichwa kutoka kwenye birika akapaza sauti: "Mwenye kiu asipite hivi hivi!" Mtu akacheka, akarudi, akanywa. Nimekua nikiusikia wito huo kama wengine walivyokua wakisikia jogoo.

Tulipofika uwanjani mama alisimama kwanza, akashika mkono wangu.

"Limependeza," alisema. "Limependeza, jamani."

Lilikuwa limependeza. Mawe yalikuwa yamesuguliwa hadi yakang'aa kama meno ya bandia. Taa ndogo zilikuwa zimefichwa majini. Pande zote kulikuwa na nguzo fupi za chuma na mnyororo, na mlinzi kijana mwenye sare mpya iliyomzidi mabega. Lakini nilipotazama vizuri niliona midomo minne imezibwa kwa saruji. Maji yalirushwa juu kutoka katikati, yakaanguka kwenye birika, yakanyonywa na mashine, yakarushwa tena. Yalikuwa maji yaleyale yakizunguka.

Mama hakuona hilo, au aliona akasamehe. Alipitishwa ndani ya mnyororo, akaenda moja kwa moja kupapasa ukingo wa birika, akakuta pale palipokuwa na ufa, akamwambia afisa, "Hapa mmepaziba vizuri." Afisa alicheka kwa furaha. Sina budi kusema kweli: saa ile nilimpenda yule mtu.

Dada yangu mkubwa anaishi mbali, na nilimwahidi picha. Nikatoa simu, nikapiga picha ya birika, ya mama akiongea na mpiga picha wa manispaa, na ya nguzo. Kisha nikavuta picha ile ya nguzo kwa vidole ili ikue, niyaone maandishi. Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, na mtu aliyejifunza namna hiyo hawezi kuona herufi akaziacha. Wenzangu waliosoma utotoni wanaweza kupita mbele ya bango kama hawalioni. Mimi midomo inacheza yenyewe.

MWENYE KIU ASIPITE.

Herufi zilikuwa zimechongwa upya, zikatiwa rangi ya dhahabu. Nikashuka mstari wa pili. Mstari wa pili haukuwepo. Mahali pake palikuwa na kibao cha marumaru kilichopigiliwa misumari minne, chenye jina la mheshimiwa atakayezindua, na cheo chake, na cheo chake kingine.

Nikasoma tena. Mwenye kiu asipite. Maneno yaleyale ambayo mama aliwaitia watu, lakini mkia umekatwa, na sasa yalikuwa yanafukuza. Nikatazama mnyororo. Nikatazama midomo iliyozibwa. Nikasema kimoyomoyo: Ee Mungu, uweke mlinzi kinywani pangu.

Wakati huo mama alikuwa anacheka. Walikuwa wamemletea mtungi wa udongo wenye michoro, apigwe picha ameushika kiunoni.

"Mtungi wa nini, mwanangu?"

"Kuonyesha zamani, mama," alisema mpiga picha.

"Zamani gani hiyo? Mimi nilikuwa na ndoo ya bati na brashi. Mtungi huu, ungekwenda nao kwenye foleni ya zamani, ungerudi na kishikio tu."

Wakacheka wote, hata mlinzi. Mama akaushika mtungi hata hivyo, akanyoosha shingo, akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu baba yangu alipokuwa hai. Mpiga picha alimzungusha huku na huku. Akamsimamisha chini ya maandishi, akamwambia ainue mkono kidogo, kama anayaonyesha. Mama akainua mkono. Na mimi nikanyamaza. Nilijiambia nitamweleza nyumbani, akisha kula. Niliona heri furaha yake ya asubuhi moja. Nilidhani ndiyo sala yangu imejibiwa.

Basi akaja mama mmoja mchuuzi, beseni la nyanya kichwani na mtoto mgongoni. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Alifika kwenye mnyororo, akainama kidogo ili beseni lisianguke, akauvuka kwa mguu mmoja.

"We! We mama! Unakwenda wapi?" Mlinzi alimkimbilia.

"Nampa mtoto maji."

"Hapa hapanywewi."

"Si bomba hili?"

"Lilikuwa bomba. Sasa ni la kutazama. Kwani huoni maandishi? Yamechongwa kwenye jiwe yale, si mimi niliyeyaandika." Akayanyooshea kidole, akayasoma kwa sauti ya mtu anayejivunia kusoma: "Mwenye kiu asipite. Wewe una kiu?"

"Nina kiu."

"Basi usipite."

Yule mchuuzi alimtazama, akatazama maji yaliyokuwa yakirukaruka nyuma yake, akafyonya. "Bomba lina mlinzi, kisima kina polisi. Keshokutwa mtaweka askari kwenye mvua."

Mpiga picha alicheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameshusha mtungi.

"Wewe kijana," alimwita mlinzi. "Hebu rudia ulichosema."

"Shikamoo, bibi. Nimemsomea maandishi tu."

"Marahaba. Rudia."

Akarudia. Mama akatikisa kichwa. "Hiyo ni nusu. Umemeza nusu."

"Nusu ya nini, bibi? Ndiyo hayo."

Mama hakubishana naye. Aligeuka, akanitafuta kwa macho, akanipata nyuma ya mnyororo na simu mkononi. "Njoo unisomee."

Nilikwenda. Ilikuwa hatua chache tu lakini nilikuwa na wakati wa kufikiri uongo. Ningeweza kusoma mistari yote miwili, kama alivyoijua, na nani angenipinga? Mlinzi? Mama angeniamini mimi, si mlinzi. Angeinua mtungi wake. Nikafungua mdomo, na neno halikutoka mpaka nilipoamua kusema kweli.

"Mwenye kiu asipite," nilisoma.

"Endelea."

"Limezinduliwa na mheshimiwa..."

"Sijakuuliza mheshimiwa. 'Hivi hivi' iko wapi?"

"Haipo, mama."

"Ilikuwa pale. Mimi nimeisugua kwa mkono huu."

"Wameweka kibao juu yake."

Maji yalikuwa yakianguka kwa kelele. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ninayoiogopa zaidi ya kelele zake.

"Umeyaona saa ngapi?"

"Tulipofika."

"Kabla hawajanipiga picha?"

"Kabla."

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtu aliyemkamata akifua nepi kwenye maji ya kunywa. Laiti angenitukana.

Afisa alikuwa amesogea, uso wake bado una tabasamu. "Kuna tatizo, mama yetu?"

"Lipo. Mmeniweka nisimame hapa, mkono juu, nawaambia watu wenye kiu wasipite."

"Aa, hapana, mama! Kila mtu anajua maana yake."

"Huyu hajui." Akamwonyesha mlinzi.

"Huyu ni mlinzi tu."

"Mimi nasoma kilichoandikwa, mkuu," alisema mlinzi, ameumia.

"Kilichoandikwa kilikuwa mistari miwili," mama alisema. "Ondoeni kibao."

Afisa alimshika begani kama mtu anayemtuliza mtoto. Alieleza kwamba mstari wa chini ulikuwa umelika, haukusomeka, mkandarasi hakujua ulikuwa unasema nini, na mahali pa kibao palihitajika. Alieleza kwamba maji ya kunywa siku hizi yapo kwenye chupa, watu hawana shida hiyo tena. Yule mchuuzi wa nyanya alikuwa bado amesimama palepale. Aliposikia hivyo aliguna.

"Mngeniuliza mimi," mama alisema. "Ulikuja nyumbani kwangu. Ulikunywa chai yangu. Mdomo wangu ulikuwepo."

Afisa alianza kuchoka. Tabasamu lilibaki kwenye meno peke yake. "Mama, tusilaumiane. Mstari ulifutika kwa sababu ya kusuguliwa na brashi ya chuma, miaka nenda miaka rudi. Labda aliyeufuta ni wewe mwenyewe."

Nimeomba sana tangu siku ile ili nisamehe sentensi hiyo. Bado ninaomba. Pale uwanjani sikuomba kitu. Nilipiga kelele. Nilimwambia hana adabu, nilimwambia mikono ile anayoilaumu ilimfanya yeye apate jiwe la kutia dhahabu, nilimwambia mengine ambayo sitayaandika hapa. Watu walianza kusogea. Afisa alimwambia mlinzi anitoe. Mlinzi akanishika kiwiko, nikamwangalia, akakiachia.

"Nyamaza wewe," mama aliniambia mimi, si yeye. Kisha akamgeukia afisa. "Ndiyo. Niliufuta kwa kuusafisha. Nyinyi mmeufuta kwa kuufunika. Sasa futa na picha zangu."

"Haiwezekani. Picha ni za ofisi. Na ulikubali."

"Nilikubali kuita watu. Sikukubali kuwafukuza."

"Mama, zimetoka nzuri mno."

"Ndiyo maana uzifute."

Afisa alimwambia mpiga picha afunge vifaa, wameshapata za kutosha. Hapo ndipo nilipoelewa kitakachotokea. Kila kituo, kila ukuta wa soko, uso wa mama ukitabasamu, mkono wake umeinuliwa kuelekea maneno yale. Watu aliowaita miaka yote wangemwona akiwaambia wasipite, na yeye asingeweza hata kuyasoma.

Mama aliweka mtungi chini taratibu, kwa heshima, kama kitu cha watu. Akavua ndala. Akakunja kitenge hadi magotini, akakifunga fundo kubavuni, namna ileile aliyokuwa akijifunga enzi za kazi, akashika ukingo, akaingia kwenye birika.

"Mama!" Sisi sote tulipiga kelele, mimi na afisa na mlinzi, kama watoto wa tumbo moja.

Maji yalimfika magotini. Yale yaliyorushwa juu yalimwangukia kichwani, kilemba kikalowa, kitenge cha kutokea kikamganda mwilini. Alikwenda mpaka chini ya kibao, akageuka, akakaa kwenye ukingo wa ndani huku miguu iko majini.

"Haya, piga," alimwambia mpiga picha. "Piga hizi uweke kwenye mabango."

Watu walicheka, wakashangilia. Simu zilitoka mifukoni kama kumbikumbi. Mchuuzi alitua beseni la nyanya chini, jambo ambalo mchuuzi hafanyi bila sababu. Mama aliteka maji kwa viganja, akayapeleka mdomoni, akanusa, akasita.

"Usinywe!" afisa alipaza sauti. "Yana dawa hayo!"

Kicheko kilikatika.

"Dawa gani?" sauti moja iliuliza.

"Ya kuzuia ukoga. Si ya kunywa. Yaani, si sumu, lakini..."

"Mmetia dawa kwenye bomba la watu?"

"Na watoto wakinywa je?"

Afisa aligeuka huku na huku akieleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozama. Mama alimwaga maji yale kutoka viganjani, akajifuta mikono kifuani, polepole. Nilimwona uso. Alikuwa amelitunza bomba lile ujana wake wote, na lilipomrudia halikuwa na funda moja la kumpa. Hasira yangu yote ya kelele ilikuwa povu tu mbele ya ile yake.

"Futa," alisema.

Aliketi tu, akilowa, huku watu wakimpiga picha nyingi kuliko za ofisi. Simu ya afisa ililia, akaitazama, hakuipokea. Mwishoni alimnong'oneza mpiga picha. Mpiga picha alikuja kwangu ameinamisha kichwa, akanionyesha kioo cha kamera.

"Tazama mwenyewe, dada."

Akazifuta moja moja mbele yangu. Mama na mtungi. Mama anacheka. Mama ameinua mkono, shingo ameinyoosha, mzuri kama bibi harusi. Niliziaga moja moja. Ilipofika ile ya mwisho kidole chake kilisita, akanitazama, labda akitaka nimwambie aache hiyo moja. Nikatikisa kichwa. Nilitoa na simu yangu, nikafuta na zile nilizompigia dada.

"Zimekwisha, mama," nilisema.

"Zimekwisha kweli?"

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mpiga picha.

"Zimekwisha, mama. Naapa."

Ndipo alipotoka. Mlinzi alimpa mkono avuke ukingo, na mama akaupokea, kwa kuwa hakuwa na ugomvi naye. Afisa alikuwa anapanga karatasi zake zilizolowa matone.

"Wazee hawajaisha mjini," alisema bila kututazama. "Tutampata mwingine."

"Mpate," mama alimwambia. "Ila umsomee kwanza."

Tuliondoka. Nilitaka kumfunika kwa mtandio wangu akakataa, akasema jua lipo. Tulikwenda kwa miguu, maji yakimchuruzika, ndala zikilia kwata kwata kwenye lami. Watu walitupisha. Nilijaribu kumwambia kwa nini nilinyamaza, kwamba nilimwona amefurahi, kwamba ningemwambia nyumbani. Alitembea kana kwamba ninaongea na mtu mwingine. Moyoni nilikuwa nimewaka: kwa afisa, kwa mkandarasi, kwa mheshimiwa ambaye sijapata hata kumwona, na chini yao wote kwangu mimi mwenyewe. Nilitafuta maneno ya sala nikayakosa. Nilibaki kutembea.

Kwenye kona, mama alisimama mbele ya ukuta wenye bango la bati.

"Pale pameandikwaje?"

"Duka la dawa, mama. Wanafungua mpaka usiku."

Alitikisa kichwa. Kisha akamsogelea kijana aliyekuwa akiuza vocha chini ya mwavuli. "Mwanangu, eti pale pameandikwaje?"

Kijana alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Duka la dawa, bibi. Usiku pia wapo."

"Ahsante."

Tukaendelea. Mbele kidogo palikuwa na tangazo la kukataza kutupa taka. Aliniuliza, nikamsomea. Akamuuliza mwanamke aliyekuwa akifagia, naye akamwambia vilevile. Mlango wa kinyozi, kituo cha basi, geti la shule: nilisoma, akasikiliza, akamtafuta mtu wa kumwuliza. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kwa uangalifu, kama alivyokuwa akiyaonja maji ya bomba kila asubuhi kabla hajawaruhusu watu.

Karibu na nyumbani kuna fundi cherehani ambaye hufanyia kazi yake kibarazani. Ukutani kwake kuna maandishi mapya, ya rangi nyekundu. Mama alisimama. Mimi nilisoma kabla hajaniuliza, neno kwa neno, kwa sauti: "Nguo isiyochukuliwa kwa wakati, fundi hahusiki."

Mama alimgeukia fundi. "Ni kweli ndivyo?"

Fundi aliacha kukanyaga cherehani, akainua macho, akageuza shingo kuutazama ukuta wake mwenyewe, akausoma wote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Na chini yake hakuna kitu?"